Askari wa Anga Hatoi Shikamoo

Jumapili, mwezi wa Machi, jioni. Mvua imenyesha tangu watu walipotoka misa ya kwanza, imekatika sasa hivi tu, na mabati ya mtaa wetu wa Bombambili yote yanadondosha maji. Naandika hapa kwa sababu kuna jambo siwezi kumwambia mtu kabla sijajiambia mwenyewe.

Leo mtoto wa dada yangu amesema mbele ya mama yake kwamba hamjui. Na mimi ndiye niliyemfundisha.

Nilipopunguzwa kazi ya ukarani, ofisi ilipofungwa na kila mtu akaambiwa atajua mwenyewe, niliondoka na taipureta kuukuu ambayo hakuna aliyeitaka. Asubuhi nauza mitumba barazani. Mchana wateja wakipungua naandika hadithi. Siku hizi magazeti ya watu binafsi yanazaliwa Dar es Salaam kila kukicha, na moja limeipokea hadithi yangu ya Jeshi la Sayari Saba, linaitoa kipande kwa kipande. Wenzangu wanaandika mapenzi. Mimi, mjane wa Songea ambaye hata ndege sijapanda, naandika vita vya angani. Majirani wananicheka, nami najicheka pamoja nao.

Mhariri aliniambia vita vimetosha. Wasomaji wanataka kujua hao askari wanafunzwaje: wanatolewa wapi, wanasoma nini, nani anawageuza kuwa watu wa kurusha moto kutoka nyota moja hadi nyingine bila kujiuliza. Swali zuri, ila nilikaa nalo sina jibu. Mimi najua kupanga mafaili, kambi sizijui.

Ndipo Imelda akaja. Ni binti wa mwisho wa dada Leokadia, anayeishi Madaba. Dada alimleta mwezi wa kwanza akae na mimi na binti yangu Skola, asome mjini, maana shule ya kijijini kwao walimu wamebaki wa kuhesabu. Kila jioni mtoto alilia. Alilia kimya, amegeukia ukuta, na ukimwuliza analilia nini anasema mama. Nilimbembeleza, nikamkaangia karanga, nikamwimbia, wapi. Siku moja nimechoka nikakaza sauti nikamwambia, "Kuruta, kwenye Jeshi la Sayari Saba askari halii." Akanyamaza. Akageuka, akaniuliza askari hao wanafanya nini kingine.

Nikajua nimeipata sehemu yangu ya mafunzo.

Tukafungua chuo pale sebuleni. Skola akawa kamanda kwa kuwa ni mkubwa na sauti anayo. Somo la kwanza: kuruta hatoi shikamoo. Ukimpa mtu shikamoo umekiri kwamba alikutangulia kuzaliwa, na katika jeshi langu hakuna aliyezaliwa kabla ya Kamanda. Kuruta akiitwa, au akimwona mtu yeyote, anasimama wima, mikono mapajani, anasema "Nipo." Basi. Somo la pili: kuruta hakaribishi mtu chakulani. Anakula ametazama ukuta na anayepita apite. Hili lilimtesa Imelda, maana hata paka akipita alimwambia karibu, tukacheka mpaka machozi. Somo la tatu ni historia. Makuruta wanafundishwa kila vita ambavyo jeshi lilishinda, lakini hawafundishwi jina la mtu hata mmoja aliyekufa humo. Kisha wanakatazwa kutaja nyumbani. Nyumbani panaitwa "kule".

Mtihani wa mwisho niliutunga nikajipenda kweli, nikawasimulia watoto. Kuruta anaingizwa kwenye chumba chenye kioo. Kiooni inatokea sura ya mama yake, anatabasamu, anamwita kwa jina la utotoni. Mkufunzi anauliza, huyu ni nani? Anayejibu kwamba hamjui anavalishwa nyota na kumaliza chuo. Anayelia anarudishwa kufagia mabweni.

Imelda akaacha kulia. Akaacha na kumtaja mama. Niseme kweli, nilifurahi. Nilimtazama akila ameelekea ukuta, nikaenda kwenye taipureta kuandika jinsi shingo yake ilivyokaa. Alipokosea, niliandika na kosa lake. Mhariri akanisifu kwamba sehemu ya mafunzo imewashika wasomaji, utadhani nimeishi humo kambini. Sikumwambia kambi yenyewe ni sebule yangu.

Leo mchana dada ameshuka kutoka Madaba na lori la mbao. Hakutupa taarifa, alitaka kumfurahisha mtoto. Alifika ameloa, kichwani ana fungu la likolo, yale majani ya maboga ambayo Imelda huyapenda yakiungwa karanga, mkononi dumu la togwa. Imelda alikuwa anachambua mchele. Mimi nilikuwa nachapa. Dada akasimama mlangoni, akanyoosha mkono mmoja, mzigo bado uko kichwani.

Imelda akainuka. Akasimama wima, mikono mapajani.

"Nipo," akasema.

Dada akacheka kidogo. "Naona upo, mwanangu. Na shikamoo yangu umeiacha wapi?"

Mtoto akanitazama. Mama yake yuko mbele yake, lakini alinitazama mimi, na nilijua anasubiri nini. Ningesema mchezo umekwisha, angemkimbilia. Sikusema. Nimejiuliza tangu saa ile kwa nini, na jibu lake si zuri. Nilitaka kuona. Nilitaka kuuona mtihani wangu ukifanywa na mama wa kweli, nikauandike vizuri.

Skola akatokea jikoni na mwiko mkononi. Naye ni mtoto, aliona utani umenoga. Akauliza kwa sauti ya kamanda, "Kuruta, huyu ni nani?"

"Simjui."

Hakulia. Mdomo tu ulimcheza. Dada akalishusha fungu la likolo polepole, akaweka dumu, akakaa mkekani na nguo zake mbichi vilevile. Hakumkemea mtu. Aliuliza tu ni nani aliyemfundisha mtoto maneno hayo.

Hapa naona haya hata mbele ya ukurasa huu. Nilimgeukia Skola nikamzaba kofi. Nikamwambia dada kwamba ndio hawa watoto wa mjini na mabanda yao ya video, wanashinda wakiangalia mavita ya Wachina mpaka akili zinawaruka. Skola hajawahi kukanyaga banda la video, nimemkataza mwenyewe. Alishika shavu, akaniangalia, kisha akapiga magoti akamwomba mama yake mkubwa msamaha kwa kosa langu. Hakunitaja.

Dada akasema, "Usimpige, mdogo wangu. Kosa ni langu. Nilimtoa nyumbani mapema mno, amenisahau."

Nilimjibu kwamba watoto ndivyo walivyo. Hilo ndilo jibu nililompa dada yangu, aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo.

Likolo alilipika yeye. Alimpakulia Imelda, mtoto akapokea sahani akaenda kuketi ameelekea ukuta, na dada akamtazama mgongo mpaka alipomaliza. Hakuuliza tena. Baadaye akajifunga khanga, akasema anakwenda Mshangano kumsalimia mtu wa kwao na kwamba kesho asubuhi anarudi Madaba. Akasema mtoto abaki tu hapa, kwa kuwa ameshapazoea. Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa.

Alipoondoka nilimwita Imelda. Nikamwambia jeshi limevunjwa, hakuna kuruta tena, yule ni mama yake na anatakiwa kumsalimia. Akasema anajua ni mama, alimjua tangu akiwa nje, alisikia kikohozi chake. Nikamwuliza kwa nini basi alisema hamjui. Akashangaa nimeuliza.

"Si mtihani, mama mdogo? Nikifaulu si namaliza chuo, narudi kule na mama?"

Nilikuwa naamini nimemtibu. Kumbe mtoto alikuwa anasoma kwa bidii amalize aende kwao. Kila alipokula ameutazama ukuta, alikuwa anaitafuta njia ya Madaba, na mimi nyuma yake nachapa.

Nimemwomba Skola msamaha. Alisema yamekwisha, ila hakunitazama alipokuwa akisema, na sina haki ya kumdai anitazame.

Naogopa, nisidanganye. Nikimweleza dada, atamchukua Imelda, na hilo ni haki yake. Atajua pia kwamba machozi ya mwanawe niliyapeleka gazetini yakasomwe na watu wa Dar es Salaam wakinywa chai. Sijui kama atakubali tena kunywa hata maji kwangu. Nisipomweleza, kesho atapanda lori akiamini mwanawe amemsahau, ataishi na jambo hilo shambani, jikoni na kanisani. Na Skola atakuwa ameshajifunza kwangu kwamba mkubwa akikosea, mdogo ndiye anayepigwa. Somo hilo sikuliandika kwenye hadithi, nimelifundisha kwa mkono wangu.

Nimekuwa nikitafuta namna ya kulisema nusu. Niseme ulikuwa mchezo tu, niache habari ya gazeti. Niseme Skola alianza, mimi nikachelewa kuwazuia. Kila namna ninayoipata inaniacha mimi nikiwa mtu mzuri, na kwa hiyo najua ni ya uongo.

Nasikia ndala uani. Ni yeye, namjua mwendo wake. Tangu nihamie nyumba hii dada yangu huingia moja kwa moja mpaka jikoni, anafunua sufuria kwanza ndipo anasalimia, na mimi humlalamikia. Sasa hivi amefika mlangoni akasimama.

Anabisha hodi.

Naenda kumfungulia. Nitamwambia yote kabla hajakaa.