Kondo la Atieno

Alhamisi, Homa Bay

Mikono bado inanuka formalini, dawa ya kuhifadhia sampuli, ingawa nimenawa mara tatu.

Leo mama mkwe wa Atieno alikuja maabara. Atieno ndiye aliyejifungua mtoto mfu juzi. Huwa anaosha dhahabu kwa zebaki kule machimbo ya Osiri, ndiyo maana tuliomba kondo lake la nyuma. Tunataka kujua kama zebaki humfikia mtoto tumboni. Alitia sahihi ya kukubali kabla ya uchungu kuanza.

"Nyathina," mama akaniita mwanangu kwa Kijaluo, "tunazika mtoto kesho. Atieno amenituma nichukue kondo. Kwetu haliachwi ugenini."

Nikamwambia ukweli kwamba nimeshalikata. Nilidhani atapiga kelele, lakini alikaa tu, mkoba magotini.

"Basi nipe hivyo vipande."

Ningeweza kumwonyesha ile sahihi. Nilimpigia mkubwa wangu, akasema kwa unyonge kwamba mzazi akibadilisha nia, tunarudisha. Nikavitoa vyote, nikavisuuza kwa maji, nikavifunga vizuri ndani ya leso yake.

"Hii dawa haitachoma udongo?"

Nikasema haitachoma. Sijui kama ni kweli.

Sikuhisi chochote. Miaka ya nyuma ningejifungia chooni nilie. Hilo linanitia wasiwasi kidogo, lakini hata huo wasiwasi uko mbali, kama wa mtu mwingine.

Pale mlangoni alinishika mkono, akauliza kama nina watoto. Nikasema bado.

"Mungu atakupa."

Nikaitikia amina, nikarudi ndani kuandika jina la mama mwingine kwenye kopo la kondo lake.