Uzi wa gitaa na mayai ya Ndolo

Shoga, Syovata ametapika! Ametapika mbele ya watu, pale Mwabungo, kwenye meza ya mayai ya kuchemsha ya Ndolo wake.

Alikuwa anabadilisha nyuzi za gitaa lake la umeme kabla ya kwenda kupiga hotelini Diani. Amekaa kando ya Ndolo, anakula yai lake kama kawaida. Nyuzi za zamani zilikuwa nyeusi kwa jasho na kutu, hata yeye alizishika kwa ncha za kucha.

Ndolo akanyoosha mkono. "Nipe huo mwembamba. Wangu wa kukatia mayai umelegea."

WA KUKATIA MAYAI, Jumwa!

Syovata akadhani ni mzaha. Jamaa akaufuta kwenye suruali, akaufunga kwenye kijiti, akapasua yai, akajaza kachumbari, akampa mteja. Na mteja akala!

"Ndolo, siku zote unakatia mayai kwa nyuzi zangu za zamani?"

"Tangu tujuane. Kinyaa cha nini, mpenzi? Si jasho lako mwenyewe?"

Jasho lako mwenyewe! Na gitaa lile hushikwa na bendi nzima!

Hapo yai likarudi. Alipojifuta mdomo akawaambia wateja wote wanakula nini. Ndolo akamshika mkono, anamsihi anyamaze, atamharibia biashara. Akajinasua, akaukata ule uzi vipande vipande kwa koleo, akaondoka.

Na posa ilikuwa Jumapili hii! Amempigia mamake sasa hivi.

"Mama, waambie watu wa Ndolo wasije. Siolewi."