Tanazuli ya Nekesa

Dada Zubeda,

Walikuzika siku ile ile uliyofariki, baada ya alasiri, na sisi wanawake hatukwenda makaburini. Mimi Mkristo wa Machakos hata sala sikujua niitikie nini. Nilisimama jikoni kwa madam wangu hapa Al-Rawdah, Jeddah, nikikatakata vitunguu, nipate sababu ya kulia. Kwaheri yangu nikabaki nayo. Leo naitoa, pamoja na mengine, maana timu ya kikapu uliyoniachia imenitia wazimu na sina mwingine wa kumgombeza.

Ndiyo, nakugombeza. Ni wewe uliyemchagua Nekesa.

Unaikumbuka siku ile ya kugawana wachezaji. Makepteni wote uwanjani kwenye kompaundi, mabaibui yametundikwa ukutani, tunachagua kwa zamu, na timu iliyoshika mkia ndiyo inayoanza. Mkia tuliushika sisi. Kila mtu alijua utamchukua Sabina, yule wa kuinama mlangoni. Wewe ukasema, "Nekesa." Watu wakaulizana, Nekesa gani? Kumbe ni yule msichana wa Kibukusu wa jumba la pembeni, ambaye bosi wake hamruhusu kuvuka geti hata kutupa taka! Ulimwona ukipita na dereva wenu: anasimama ndani ya geti, anarusha mfuko juu ya gari lililoegeshwa, unatua ndani ya pipa la ng'ambo ya barabara. Ulisema kila ulipopita ulimkuta, na hajakosa hata mara moja.

Rosi, kepteni wa wale wapinzani wetu, alicheka hadi akakaa chini. "Mchagua nazi hupata koroma," akakwambia. Nawe, Mmombasa wewe, ukamjibu bila kumtazama: "Koroma likiachwa mtini huwa nazi. Nyinyi wa bara nazi mnazijulia dukani."

Mimi nilinuna. Si wewe uliyetufundisha kwamba mchezaji mzuri huku si yule mrefu, ni yule anayekuja? Ulikuwa ukiulizia wasichana kama mtu anayekwenda kuposa. Madam wake anampa Ijumaa? Dereva wao ana roho nzuri? Wanjiru ulimchukua hajui hata kuudunda mpira, kwa sababu dereva wa kwao hukubali kuwabeba na wenzake wa mtaa ule. Hiyo ilikuwa akili. Sasa Nekesa, ambaye hata uwanja haujui?

Kisha bosi wa Nekesa akahamia Riyadh, huko Al-Naseem, akaondoka naye. Kisha ukaugua. Kisha nikawa kepteni bila kuombwa.

Msimu ulipoanza Rosi alinijia na maneno laini. "Mueni, huyo msichana anakula nafasi ya mtu bure. Mpe tanazuli, uchague mwingine."

Neno lako hilo. Kafili, yule bosi mwenye kibali chako, akikubali kumwachia mfanyakazi aende kwa kafili mwingine, ndiyo tanazuli, na hakuna kati yetu ambaye hajawahi kuililia. Wewe ukaligeuza mchezo. Timu zikibadilishana wachezaji, ulisimama katikati ya uwanja kama afisa wa ikama, wale wa vibali vya kuishi, kidevu juu, ukagonga muhuri wa hewani: "Yalla, tanazuli imepita!" Tulicheka sana, maana ni pale tu ndipo na sisi tulikuwa makafili.

Nilimwambia Rosi, "Mafi tanazuli. Halas." Hakuna, imekwisha. Wakasema msiba umenichanganya. Tukacheza pungufu, hakuna wa kumpumzisha mwenzake, tukafungwa, tukafungwa tena, Wanjiru akatapika kando ya uwanja kwa lile joto. Na kila tulipofungwa kichwa changu kilizidi kuwa kigumu. Nilitaka pawe na mahali pamoja tu katika mji huu ambapo msichana aliyefungiwa ndani anahesabiwa kuwa yupo. Wacha watucheke.

Basi juzi binamu yake Rosi, anayecheza na wenzake huko Riyadh, akatuma ujumbe wa sauti kwenye simu: "Waambieni watu wa Jeddah, Nekesa ameshapewa tanazuli." Damu ikanipanda. Nilijua Rosi amenizunguka, amemtoa Nekesa kwa timu ya binamu yake. Ijumaa nikamwendea mbele ya watu wote, baibui sijavua. "Nani amekuruhusu kutoa mchezaji wa marehemu? Hata makafili huombana saini!" Rosi akaapa kwa jina la mama yake. Nikamwambia amwache mama wa watu apumzike. Tulikuwa tumebakisha kidogo tu kushikana nywele mlinzi alipoita, kuna mgeni getini.

Msichana mrefu, mkoba begani, macho chini. "Naitwa Nekesa. Niliambiwa niko na nafasi hapa."

Ilikuwa tanazuli ya kweli, Zubeda. Ya saini na muhuri. Bosi wake amemwachia kwa madam wako wa Al-Hamra, na sasa analala chumba chako. Madam mwenyewe amemsimulia jinsi ulivyowaita watu wa nyumba yake kitandani pako, ulipoona huinuki tena: "Mtafuteni huyu ashike kazi yangu. Na Ijumaa yake mumpe, kama mlivyonipa yangu." Mimi hukuniambia kitu. Ulijua nina mdomo.

Rosi sikumwomba radhi na simwombi. Alivua viatu vyake akampa Nekesa, kwa kuwa hakuwa na vya kuchezea, akakaa pembeni miguu mitupu akinikodolea macho.

Na nazi yako? Mpira wa kwanza aliupiga kwa mkono mmoja kutoka mbali, namna ile ya mfuko wa taka. Ukapita juu ya kikapu, ukapita juu ya ukuta, ukaangukia barabarani. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Akaukimbilia. Alipofika getini akasimama. Geti liko wazi, mlinzi amesogea kando, na mguu wake umekataa. Akabaki ndani anautazama mpira ng'ambo ya barabara.

Hapo nilikulilia, dada, bila kitunguu. Kisha nikampelekea baibui langu. Nikamwambia, "Toka. Ni mpira wako."

Akatoka.

Kwaheri, kepteni wangu. Mungu akulaze pema, na kama huko wanagawana timu, waangalie wale wa mwisho kuitwa. Mimi nakuahidi hili: msimu ujao tukichagua, jina la kwanza nitakaloita ni lako, na Rosi acheke hadi akae chini. Wote waliokujua wamekwisha kukuachia uende. Mimi tanazuli yako siitii saini.

Mueni wako