Kisu Ulichompa Jypara

Mwaka umezunguka sasa, Mama Burulcha, tangu ulipotutoka asubuhi ile ya theluji ya mwisho. Birika lako bado tunaliweka upande uleule wa jiko.

Kwako mgeni alikula kwanza, shida yake akaisema baadaye. Ng'ombe uliwakamua kwa wimbo. Na mkamwana wako Jypara alisomea ualimu kwa elimu ya masafa huku wanawe wawili wakilala mgongoni na mapajani mwako. Somo lilipoanza kwenye simu, ulijifunga kichwani kitambaa chako cheupe cha sherehe. Tulikwambia mhadhiri hakuoni.

"Haoni, sawa. Lakini mimi namsikia," ulisema, ukaendelea kukifunga.

Unaikumbuka Mei ile? Aidai mdogo alikuwa ameacha kusimama dede, anapiga hatua. Ulikuwa wakati wa kumfunga miguu kwa uzi mweusi na mweupe, watoto washindane mbio, na mshindi aukate. Maana mtoto hufuata nyendo za aliyemkatia uzi. Lakini Jypara alikuwa mjini Osh, kwenye mitihani. Majirani walikusihi usichelewe, mtoto asije akawa wa kujikwaa. Ukawajibu kwamba uzi haukatwi mama yake hayupo, na mwenye haraka ya maandazi ya sherehe akale kwake.

Jypara aliporudi, watoto walikuwa wamejipanga tayari kukimbia. Alishuka garini na begi la vitabu, macho mekundu. Hesabu zilikuwa zimemshinda, na njia nzima alikuwa akijiambia basi, masomo yaishe, alee wanawe. Ukawasimamisha watoto, ukamwendea na kisu.

"Mshindi nimeshampata," ulisema.

Jirani yako Salkyn akacheka. "Mshindi wa mbio gani, dada? Huyu si kaja kwa gari?"

"Katoka mbali kuliko hawa wote, na anakokwenda ni mbali zaidi." Kisha ukamgeukia. "Kata, mwanangu. Ila ujue, ukiishia njiani, na huyu ataishia njiani."

Aliweka begi chini, akapokea kisu, akakata. Hakukwambia kamwe alichokuwa ameamua garini. Tunadhani ulijua.

Hesabu alizirudia vuli ile, akapita, akaendelea mwaka baada ya mwaka. Shahada ilikuja kiangazi kilichopita, wewe umekwisha kwenda. Siku ya kuipokea alijifunga kitambaa chako cheupe, kikamteleza kila mara, maana hakuna aliyejua kukifunga kama wewe.

Sasa anafundisha darasa la kwanza hapa kijijini. Asubuhi Aidai humtangulia kwenda shule. Anakimbia, Mama, wala hatazami chini.

Unakumbukwa na mwanao Mairambek, mkamwana wako Jypara, wajukuu wako Bekmyrza na Aidai, mdogo wako Sonun, na jirani yako Salkyn, ambaye bado anasema Jypara alikuja kwa gari.

Hatutakusahau, leo wala siku yoyote uzi mwingine utakapofungwa.