Nyuzi Nyembamba za Rhealyn

Opon, Jumapili, baada ya misa

Mpendwa Manang Siony,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba mguu wako umepata nafuu. Sisi huku hatujambo. Wifi yako Merlinda bado anakohoa na bado anabisha, na hilo la pili ndilo linalonipa moyo kwamba atapona. Nimekutumia danggit, wale samaki wakavu, kwa meli ya Jumatano. Ni pakiti sita, zihesabu, maana wale wapakuzi siwaamini.

Sasa shughuli uliyonituma. Ulisema mwanao Rhealyn hataki kwenda kwenye mtihani wa chuo cha muziki mwezi Juni na gitaa lake la zamani, kwa kuwa nyuzi nyembamba hazilii, ukaniomba nimtafutie jingine la bei ya kati, kwa sababu katika ukoo wetu mwenye sikio ni mimi. Niliingia kazini macho yakiwa wazi, dada yangu. Gitaa la bei ya chini kila mtu anajua ni bovu, la bei ya juu ni la wenye nazo. Hilo la kati ndilo kichaka cha wezi, hapo ndipo unapouziwa jina.

Nilikwenda kwa Nang Vising, yule mjane mwenye duka la ala mtaa wa Colon. Nilifika wakati anafungua, ili niwe mteja wake wa kwanza. Unajua mwenyewe, muuzaji hathubutu kumwacha wa kwanza aondoke mikono mitupu, siku nzima itaingia nuksi, kwa hiyo bei hushuka yenyewe. Alinitolea matatu: Alon la kiwandani, Kirana la kutoka Indonesia, na Tugas la fundi wa hapa hapa kisiwani, mbavu za mfenesi. Nikatoa kioo cha poda cha Merlinda na tochi, nikachungulia ndani ya tundu nione kama mistari ya ubao wa juu inaendelea hadi ndani, maana plaiwudi nayo hupambwa kama bibi harusi. Mistari iliendelea katika yote matatu. Hapo nikazidi kushuku.

Kisha nikapiga. Alon lilinguruma vizuri chini, juu bubu. Kirana vivyo hivyo. Hata Tugas, ambalo nilitaka kulipenda, juu lilikuwa kama ubao wa kukatia samaki. Nikajiambia huyu mama ameweka nyuzi chakavu makusudi aniuzie mpya. Nikaondoka. Kesho yake nikarudi wa kwanza tena, na nyuzi zangu mfukoni, nikazifunga mwenyewe. Bado bubu. Nikaondoka tena. Siku ya tatu Nang Vising aliponiona alishusha mlango nusu, akapaza sauti mtaa mzima usikie: "We mzee kisirani, kaa huko huko! Mpaka mtu mwingine anunue kitu, hata kitambaa cha kufutia, hukanyagi humu!" Nikasimama juani mpaka mtawa mmoja alipokuja kununua nyuzi.

Nilipoingia nilimwambia wazi kwamba amekula njama na watengenezaji wote watatu. Hakukasirika, na hilo nalo nikalishuku. Aliniuliza nilikuwa nafanya kazi gani, nikamwambia nimesaga vyuma katika karakana ya meli miaka ishirini na miwili. Akaniomba nigeukie ukutani, nimwambie gitaa lipi linalia vizuri. Nikageuka. Nikangoja sana, mwishowe nikamwambia, "Piga basi, mama, au mpaka nikubembeleze?" Nilipogeuka, kidole chake kilikuwa juu kabisa shingoni mwa Tugas, na uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, ulikuwa bado unatetemeka. Yule mtawa alikuwa ameziba mdomo.

"Nong, kaka," Nang Vising akaniambia, pole pole kwa mara ya kwanza, "nimepiga mara tisa."

Nilimshuku hata hapo. Nikaenda kwa daktari wa masikio, nikamshuku naye, nikaenda kwa wa pili. Wote wawili wamesema jambo moja: sauti nyembamba zimeniondoka, na zilianza kuondoka zamani. Merlinda anasema aliona tangu nilipoacha kuitikia filimbi ya birika, ila alidhani ni uvivu wangu tu.

Sasa lile lililonifanya niandike badala ya kupiga simu. Krismasi, Rhealyn aliponipigia wimbo wake wa mtihani, mimi ndiye niliyemwambia kwamba nyuzi za juu hazilii. Akabonyeza kwa nguvu zaidi, nikasema bado. Akarudia mpaka vidole vikachubuka, nami mwishowe nikamwambia labda ubovu si wa gitaa peke yake, labda ni wa mkono. Wewe ulikuwa jikoni. Mtoto hakukwambia kwa sababu ya heshima. Nilimwona anafuta machozi, nikajifanya natazama mti wa Krismasi. Naona aibu, Manang, na nimelia kama ambavyo sijalia tangu tumzike mama.

Gitaa sijanunua. Lake halina kosa, na mkono wake hauna kosa. Mpeleke Juni na gitaa lile lile. Msomee barua hii yote, usinifiche kwa kunionea huruma. Akiuliza mjomba wake alisikia nini siku ile, mwambie ukweli: mjomba hakusikia.

Merlinda anawasalimu nyote. Mungu awalinde hapo nyumbani, nanyi mniweke katika sala zenu.

Mdogo wako akupendaye,
Eleuterio