Vanishi Juu ya Jua Lako

Zuhura, mwana wa dada yangu,

Sijui barua hufikaje huko uliko, lakini mjomba wako hajawahi kushindwa kufikisha kitu. Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe. Na huu ndio mkono uliochora kuku wa kukaanga kwenye bango pale ufukweni South Beach, paka wa ghorofa nzima wakapanga foleni. Ulikuwa unacheka: "Mjomba, jana walikuwa paka wawili!"

Mwezi wa tatu sasa tangu kifua kikubane, tukakuzika hapa Durban, mama yako yuko Tanga hana hata pasipoti. Aliomba kitu kimoja tu, ile karatasi yako. Ile shamsa, jua la duara ambalo mafundi wa kale walilipamba mwanzoni mwa misahafu, ukalinakili miezi saba hapa mezani kwangu, hutaki kurudi bwenini kwenu, chuoni Westville. Vikonyo na maua vinazungukana, huoni vinapoanzia. Dhahabu ulikuwa unaibandika umeziba pumzi, kisha unaisugua kwa jiwe la akiki mpaka inawaka. Nikipita tu: "Mjomba, pumua pembeni!" Mimi, fundi wa mabango miaka ishirini, nafundishwa kupumua!

Sasa sikiliza, na usinitazame.

Nilitaka ifike kwa mama yako salama. Mabango yangu yote ya ufukweni nayapaka vanishi mara mbili, la sivyo upepo wa bahari unayala. Nikasema, jua la Zuhura nalipaka mara tatu. Eish, mwanangu. Karatasi ikalowa mafuta kama iliyofungiwa maandazi. Ile buluu uliyoisaga mwenyewe ikawa nyeusi. Dhahabu ikawa rangi ya chai. Nikajaribu kufuta, maua yakabaki kwenye kitambaa.

Mama yako alipopiga simu nikamwambia iko jumba la makumbusho, nyuma ya kioo, walinzi wawili, watu wanatoka mpaka Cape Town kuja kuitazama. Akalia. Akasema, "Kaka, basi iache hukohuko, mwanangu aonekane." Sasa anawasimulia majirani. Maisha yangu yote nimewatungia watu uongo, Zuhura, wakacheka, nikacheka nao. Huu hakuna aliyecheka. Huu umeaminiwa.

Mabango siandiki tena. Brashi zimekauka ndani ya kopo. Chakula nakula nimesimama, maana kwenye ile meza sithubutu kukaa.

Ijumaa nitampigia. Nitasema: niliiharibu mimi, hakuna kioo, hakuna mlinzi. Na karatasi nitamtumia hivyohivyo ilivyo, aishike. Sijui kama ataniita kaka tena.

Pumzika, mwanangu, Mungu akukunjulie nafasi. Nakuahidi hili moja: akikata simu, sitapiga tena kumtungia hadithi nyingine.

Mjomba wako