Wiki Mbili Bila Kupaza Sauti

Jumatatu, 5 Mei

Nimeamka saa kumi na moja. Nimemgeuza mzee, baba yangu, nimemfuta, nimebadilisha shuka. Uji. Vijiko sita akameza, cha saba akanitemea kwenye shati la kazi. Sikupaza sauti. Naandika hili kwa sababu mwalimu wa semina ya kazini alisema kila siku tuandike jambo moja ambamo tumejitawala. Basi ndilo hilo. Niliweka bakuli mezani, nikafunga mlango, nikaenda zangu kazini, Nakawa. Hakula tena mpaka saa saba, Mama Furaha wa chumba cha jirani, mwenye ufunguo wetu wa pili, alipokuja kumwangalia.

Kwenye boda nilijisikia vizuri. Mwepesi.

Jumanne, 6 Mei

Siku ya pili. Kimya.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyolelewa kwa amri zake. Kwenye kambi ya jeshi tulikokulia, baba hakuongea nasi Kiacholi. Alituamrisha kwa Kiswahili kama askari wake. Nilikuwa na miaka saba, nakojoa kitandani. Alinisimamisha nje na godoro kichwani, watoto wa kambi nzima wanapita kwenda shule, wananiona. "Sema asante afande." Nikasema.

Sasa anayekojoa ni yeye. Tangu apooze upande wa kulia, Februari, hajaniambia neno moja la heshima. Anatukana. Anahesabu kama yuko kwenye gwaride, moja mbili, moja mbili. Hayo anayaweza.

Nimeamua atasema tafadhali.

Alhamisi, 8 Mei

Kikombe cha maji nimekiweka dirishani, mkono wake mzima haufiki. Nimevuta kiti, nimekaa. Nimemwambia kwa upole kabisa, "Mzee, sema tafadhali." Akaniangalia. Mdomo ukapinda. "Mbwa." Nikasema sawa, nikavaa buti. Maji yakabaki dirishani.

Sina hasira. Hilo linanishangaza. Zamani ningepiga kelele, halafu ningemwonea huruma, ningempa maji. Sasa kelele hakuna na huruma hakuna.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua tangu alfajiri. Scovia, mlinzi ninayemsimamia kwenye geti la ghala, amefika saa tatu badala ya saa moja. Suruali imelowa mpaka mapajani. Anakaa Bwaise. "Afande, maji iliingia kwa nyumba. Nilikuwa nabeba watoto." Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikalifuta jina lake kwenye ratiba ya mwezi mzima, mbele yake, kwa rula, ili mstari unyooke. Alisimama pale anachuruzika maji sakafuni. Watoto wake ni wawili, nawajua kwa majina.

Bosi aliona. Mchana ameniita ofisini. Amesema zamani ningemtukana yule mwanamke, siku hizi nimekomaa. Ataniweka juu ya zamu zote za upande wa mashariki.

Nimefurahi. Sitajidanganya humu. Nimefurahi sana.

Jumatatu, 12 Mei

Maji dirishani. Mzee: "Moja, mbili." Nikamwambia si hilo. "Moja mbili moja mbili moja mbili," na machozi yanamtoka jicho la kushoto. Nikamwambia mimi nina muda. Sikuwa na muda, nilikuwa nachelewa. Nilikaa tu nimtazame.

Siku ya nane bila kupaza sauti.

Jumatano, 14 Mei

Mama Furaha amenisubiri mlangoni. Ni Mkongo, alikimbia vita na mabinti zake, anauza vitenge. Tangu baba augue anamgeuza mchana bila kuombwa. Leo hakunisalimu.

"Dada, huyu mzee analia muchana yote. Midomo imepasuka. Nikimupa maji anakunywa vikombe vitatu, ine. Juu ya nini?"

Nimesema ni ugonjwa.

"Hapana. Ugonjwa naujua. Huyu ana kiu."

Amesema kesho tunampeleka kliniki, mimi na yeye. Nimesema sawa. Nimemchukia kwa muda wa kufungua kufuli, mpaka nikaingia ndani.

Alhamisi, 15 Mei

Kliniki, hapa hapa mtaani kwetu Kyebando. Nesi amebana ngozi ya mkono wa mzee, ikabaki imesimama kama kitambaa. Ameuliza kama anapewa maji. Nimejibu anapewa. Mama Furaha amenitazama.

Nimemlalamikia nesi kwamba mzee ni mkaidi, anatukana na kuhesabu tu, lakini kuomba hataki. Nesi amesema, "Si kwamba hataki. Maneno yameondoka. Wengi wa ugonjwa huu wako hivyo. Matusi yanabaki, kuhesabu kunabaki, hayo yanatoka yenyewe. Neno analolitafuta haliji. Hata jina lako pengine haliji."

Nilitikisa kichwa kama mtu aliyesikia jambo jipya.

Si jipya. Alhamisi ile ile ya kwanza nilimwona. Ulimi ulikuwa unagonga meno, unagonga tena, unakosa. Hiyo "mbwa" ilitoka baada ya kujaribu. Nilimwona akijaribu, nikaenda kuvaa buti.

Ijumaa, 16 Mei

Nimempa maji. Alipoona kikombe mkononi mwangu alifumba macho, akaanza kuhesabu haraka haraka, kama mtu anayejibu ili asipigwe. Nusu yakamwagika shingoni.

Hata mimi nilikuwa hivyo nikisikia hatua zake.

Mchana nimempigia Scovia arudi kazini. Amepokea mwanamke mwingine. Scovia amemwuzia simu, amehama Bwaise na watoto, na huyo mwanamke hajui wapi.

Bosi ametangaza cheo changu mbele ya walinzi wote. Wakapiga makofi.

Jumapili, 18 Mei

Mama Furaha alikuwa uani anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nimeketi mbele yake, nimemwambia yote. Dirisha, kikombe, uongo niliomwambia nesi. Na kwamba nilijua. Hakunitukana. Ametwanga mpaka akamaliza, akafunika kinu.

"Kuanzia leo, chakula na maji, asubuhi na jioni, ni mimi nitamupa. Wewe ufue."

Nimekubali. Si kwamba nimekuwa mtu mwema. Mzee sijamsamehe, nadhani. Lakini sasa najua ninavyoweza kutulia nikiwa naye peke yangu.

Nimefua shuka tatu, nimezianika. Jua lilikuwa zuri. Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi, nikasikia kijiko kinagonga bakuli, na Mama Furaha anamwambia pole pole, baba, pole pole. Nilikaa nje juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono bado ina povu.

Sikuingia mpaka aliponiita.